Yaani Arobaini na Saba

Miongoni mwa vitu nilivyotoka navyo chuoni siku nilipostaafu ni sanduku la bati lililojaa madaftari ya ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha. Mke wangu aliona yanafaa kuwashia moto, nami sikuwa na hoja nzito ya kumpinga, ila niliomba niyapitie kwanza. Katika daftari moja la mwaka 1988 nilikuta ukurasa wenye vistari vilivyopangwa vitano vitano, vinne vimesimama na cha tano kimekatiza, kama karani anavyohesabu magunia ya pamba yanapopakiwa kwenye lori. Vistari vilikuwa 47. Juu yake nilikuwa nimeandika neno moja tu: "yaani".

Ndivyo nilivyokuwa enzi hizo. Nilikaa nyuma ya darasa, kwenye dawati la watoto, magoti yakikaribia kidevu, nikahesabu ni mara ngapi mwanachuo ametamka yaani katika kipindi cha dakika 40. Mwishoni mwa fomu, penye nafasi ya maoni, niliandika: "Lugha dhaifu. Hajui anachotaka kusema." Kijana huyo nitarudi kwake baadaye, kwani nina deni lake.

Kwa sasa nataka kuishughulikia ile sentensi yangu ya pili, maana si yangu peke yangu. Wengi wetu tunaamini kwamba mtu anayechanganya maneno yake na yaani, eee, nanihii, sasa, unajua, amejieleza yeye mwenyewe kabla hajaeleza jambo lake. Tunasema hakusoma, au ana woga, au anaficha kitu, au kichwa chake ni debe tupu. Vijana wanaokwenda kwenye usaili wa kazi huonywa kwamba watahukumiwa kwa hilo, na kweli huhukumiwa. Mimi nimeifundisha imani hiyo kwa miaka isiyopungua thelathini, tena kwa chaki na kwa alama. Leo naona kwamba sehemu kubwa ya imani hiyo si kweli, na pale penye ukweli tumekuwa tukiyashitaki maneno yasiyo na hatia na kuyaacha yenye hatia yakipita mlango wa mbele.

Nianze na neno lenyewe. Yaani tumelipata kwa Waarabu, nao kwao ni kitenzi chenye maana ya "inamaanisha". Halikuishia kwetu. Waajemi wanalo, Waturuki wanalo, wasemaji wa Kiurdu wanalo, na huko kote, kama katika Kiarabu chenyewe, halikubaki na kazi ya kufafanua maana tu. Limeingia pia katika nyufa za mazungumzo, pale msemaji anapotafuta mahali pa kukanyaga. Neno lisilo na kazi halisafiri mbali hivyo.

Kazi yake ni ipi basi? Msikilize mtu anayesema yaani, kisha utazame kilichotangulia na kilichofuata. Kabla yake pana maneno ambayo msemaji ameyatoa na hayakumridhisha. Baada yake pana jaribio jingine. "Yule mzee ni mkali, yaani si mkali, yaani hapendi mchezo." Hapa yaani mbili zimefanya kazi ya kifutio. Ya kwanza imefuta "mkali". Ya pili imeleta maneno yanayomkaribia zaidi yule mzee. Mwandishi angefanya hivyo hivyo kwa kalamu, akanakili upya, na msomaji asingejua kamwe kwamba alikosea njia. Msemaji hana nafasi ya kunakili upya. Anafuta hadharani, na sisi tunamhesabia vifutio.

Sisemi kwamba kila yaani ni ya namna hiyo. Nyingine ni mazoea tu, kama mtu anayekuna kichwa bila kuwashwa. Nyingine, hasa kwa mabinti, ni sentensi nzima: mjukuu wangu akirudi kutoka sokoni akasema "Yaani!" huku akitikisa kichwa, sote tumekwisha kuelewa bei ya nyanya.

Nanihii ni jambo jingine, na nakiri kwamba siku hizi nalitumia kuliko yote, kwa kuwa majina ya vitu yameanza kunikimbia. Lakini nimelichunguza kama mwalimu wa lugha, na heshima yangu kwalo imeongezeka. Mama aliye jikoni humwambia mwanawe: "Hebu kamnanihii mdogo wako, kisha uninanihie ile nanihii pale." Tazama kilichomo. Kiambishi cha mtendwa kipo mahali pake, kauli ya kutendea ipo, upatanisho upo. Kilichokosekana ni mzizi tu. Tena mtoto haulizi. Huenda akamwogesha mdogo wake, kisha akamletea mama upawa. Mtu asiyejua anachotaka kusema hawezi kupatanisha sarufi ya neno ambalo hajalipata. Nyumba imekwisha kujengwa, na mwenyewe ndiye anayesubiriwa.

Msomaji anaweza kuona kwamba huu ni utetezi wa mzee anayesahau majina. Basi niwaite mashahidi wengine.

Mwaka 1991 Stanley Schachter wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kazi iliyonichekesha nilipoisoma, kwa jinsi ilivyofanana na yangu. Walikuwa wamekaa kwenye mihadhara wakihesabu "eee" za wahadhiri. Waliona kwamba waliofundisha fasihi, sanaa na mambo ya namna hiyo walisita mara nyingi zaidi, na waliofundisha sayansi walisita mara chache zaidi. Je, wanasayansi ndio wenye akili iliyonyooka? Watafiti hawakukimbilia huko, kama ambavyo mimi ningekimbilia. Waliwahoji wahadhiri wa masomo yote hayo juu ya mambo ya kawaida, na tofauti ikatoweka. Ilikuwa katika somo, haikuwa katika watu. Maelezo yao ni kwamba mwalimu wa kemia akifika kwenye neno linalofuata, mara nyingi neno ni moja tu, akalichukua. Mwalimu wa sanaa akifika hapo hukuta maneno sita yanamngoja, kila moja likiwa na upungufu wake, naye lazima achague. Kule kusita ni wakati wa kuchagua.

Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka wakufunzi wenzangu wawili. Mmoja wa Hisabati, maneno yake yalinyooka kama rula. Mwingine wa Historia, ambaye ukimwuliza kwa nini Vita vya Majimaji vilishindwa alianza na "eee", akatazama dari, akasema "sasa hapo, yaani, inategemea". Tulimcheka chumba cha walimu. Laiti mmoja wetu angeuliza ni swali lipi kati ya yale mawili lilikuwa na jibu moja.

Wengine wametazama upande wa msikilizaji. Mwaka 2002 Herbert Clark na Jean Fox Tree walieleza kwamba visauti viwili vya Kiingereza, "uh" na "um", si kelele za koo. Cha kwanza hutangulia kusita kufupi, cha pili kusita kurefu zaidi, na msemaji huvitumia kumwarifu mwenzake: ningoje kidogo, au ningoje zaidi. Mwaka 2011 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Rochester walionyesha jambo lililonigusa mimi niliyeshughulika na watoto maisha yangu yote. Mtoto aliyepita miaka miwili, akionyeshwa picha ya kitu anachokijua na ya kitu asichokijua, kisha akasikia mtu mzima anasita kabla ya kutaja, hugeuza macho kwenye kile asichokijua. Anajua tayari kwamba mkubwa akisita, jambo geni linakuja. Mtoto wa miaka miwili amelielewa ambalo mkaguzi wa miaka arobaini, mwenye fomu mkononi, hakulielewa.

Tena mwaka 2014 wachunguzi wa Texas, akiwamo James Pennebaker, walitazama uhusiano wa maneno ya namna hii na tabia za watu. Maneno kama yale ya Waingereza ya "unajua" na "namaanisha" waliyaona zaidi kwa wanawake, kwa vijana, na kwa watu wanaojali wajibu wao. Maelezo waliyoyapendekeza ni kwamba mtu wa namna hiyo anamfikiria anayemsikiliza. Anataka kuhakikisha jambo limefika. Sina haja ya kuyameza yote. Kiingereza si Kiswahili, na Wamarekani waliochunguzwa si Wasukuma wa Bariadi. Lakini nimeyataja kwa kuwa yanaelekea upande tofauti kabisa na ule niliokuwa nikiufundisha, na mtu aliyefundisha kwa ujasiri hana budi kusikiliza anaposahihishwa.

Liko jambo ambalo wataalamu hao hawakunisaidia, nikalazimika kulifikiria mwenyewe, nalo ni lugha ya pili. Wengi wa waliopita mikononi mwangu Kiswahili walikikuta shuleni. Nyumbani walikuwa na lugha nyingine, na katika lugha hiyo walikuwa wepesi wa mzaha, wa methali na wa kubishana. Wakivuka kizingiti cha darasa walikuwa kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Kwa msemaji wa namna hiyo, yaani ni ile hatua fupi ya mtu anayejipanga asianguke. Mimi mwenyewe Kiswahili nilikikuta darasani, fimbo ikiwa juu ya meza. Labda ndiyo sababu nilikuwa mkali kuliko wenye lugha yao. Nimekaa na Waunguja. Wao husema "bwana we, ile nanihii, mwaya" bila haya hata chembe, na hakuna anayewadhania kuwa hawajui Kiswahili. Askari wakali wa Kiswahili sanifu aghalabu ni sisi tuliokilipia.

Sasa nije kwenye maneno ambayo sikuyahesabu.

Chuo chetu kilikuwa na redio kaseti moja, ikitunzwa kabatini kama mali ya kanisa, na tuliitumia katika yale mazoezi ambayo wanachuo hufundishana wenyewe kwa wenyewe dakika kumi kumi. Siku moja nilijirekodi nikitoa somo la mfano, kwa nia ya kuwaonyesha namna ya kuzungumza bila maneno ya ziada. Jioni nikaisikiliza peke yangu ofisini. Yaani haikuwamo hata moja. Lakini baada ya kila sentensi mbili ilisikika sauti yangu ikisema: "Sawa?" Na darasa zima likijibu: "Sawaa!" Kisha: "Tumeelewana?" "Ndiyoo!" Sikuhesabu. Niliizima.

Nimeyafikiria maneno hayo mawili miaka mingi. Hayakuonekana kwenye fomu yoyote kuwa kosa, kwa sababu kila mkufunzi alikuwa nayo. Lakini ukiyalinganisha na yaani utaona yapi mabaya zaidi. Yaani hufungua jambo: haikutosha, ngoja nijaribu tena. "Sawa?" ya mwalimu hulifunga. Inauliza swali ambalo jibu lake limekwisha amuliwa, na mtoto ambaye hajaelewa hana namna ya kujitenga na ile "Sawaa!" ya wenzake sitini. Ukitaka kujua neno la ziada linasema nini juu ya mtu, hili lilisema juu yangu kwamba nilipenda kuitikiwa.

Kuna na yale mengine yanayovaa suti na tai. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa wastaafu waliokuwa wakidai malimbikizo yao. Ofisa aliyetumwa kutujibu alikuwa msemaji hodari. Alianza na itifaki kuzingatiwa, akachukua fursa hii, akaja kwenye suala zima la wastaafu, kwa maana ya changamoto zilizopo, akasema kwamba kimsingi jambo liko kwenye mchakato, na mwisho wa siku kila mmoja atafikiwa katika kuhakikisha haki inatendeka. Zilipita dakika zaidi ya ishirini. Hakusita mara moja, na sauti yake ilikuwa tamu. Alipokaa, mama mmoja aliyekuwa mwalimu wa darasa la kwanza maisha yake yote alisimama, akashika mgongo wa kiti cha mbele, akasema: "Sasa, eee, yaani hizo nanihii zetu, hizo hela. Lini?"

Sentensi yake ilikuwa na maneno manne ya kujazia na swali moja. Hotuba ya ofisa haikuwa na hata moja kati ya yale manne, wala haikuwa na jibu. Ningekuwa na ile fomu yangu ya 1988, mama yule angepata alama ya chini.

Haya ndiyo maneno ya kujazia ninayoyalalamikia. "Suala zima la elimu" lina nini ambacho "elimu" haina? "Mwisho wa siku" tumeichukua kwa Waingereza neno kwa neno. Kwetu mwisho wa siku ni jua kuzama na kuku kuingia bandani, na fedha zetu hazikuja saa hiyo. "Kimsingi" ilikuwa na kazi yake njema ya kutenga msingi na matawi. Sasa imekuwa mlango wa nyuma: jambo likikubaliwa kimsingi, ujue halikukubaliwa. Tofauti yake na nanihii ni kwamba nanihii hukiri pengo na huliacha wazi mbele ya watu. Maneno haya hulipaka rangi pengo ili tusilione. Hata hivyo, kijana atanyimwa kazi kwa yaani zake, na ofisa atapandishwa cheo kwa mchakato wake.

Sitaki kuwa kama yule aliyetoka kwenye kosa moja akaangukia la upande wa pili. Yapo makosa. Mtangazaji anayesoma habari iliyoandikwa mbele yake hana udhuru wa kusema "eee", kwa kuwa neno limekwisha tafutwa na mwenzake na limewekwa chini ya pua yake. Mwalimu naye, ikiwa kila kituo chake ni yaani, huwachosha watoto, na wapo watakaofanya kama nilivyofanya mimi: kuhesabu badala ya kusikiliza. Dawa ninayoijua ni kunyamaza. Geuka ufute ubao. Chukua chaki nyingine. Watoto huvumilia ukimya kuliko tunavyodhani. Ila siku hizi ningemwambia mwanachuo maneno hayo kando, sisi wawili, tena baada ya kumwuliza alikuwa anatafuta nini kila aliposita.

Na juu ya wanaoficha kitu. Nilipokuwa mkuu wa chuo nilisikiliza kesi nyingi, za waliotoroka usiku, za blanketi zilizopotea, za mimba, za mitihani. Niliingia kwenye kazi hiyo nikiamini kwamba anayebabaika ndiye mwongo. Ilinichukua muda kujifunza kwamba mwongo aliyejiandaa huja na maelezo yaliyopigwa pasi, saa na dakika zikiwa mahali pake. Aliyekuwapo kweli aghalabu ndiye anayerudi nyuma: "Tulikuwa wanne, hapana, yaani watatu, wa nne alikuja baadaye." Kukumbuka ni kazi, na kazi ina jasho. Sikuifanya kuwa kanuni, maana nimedanganywa pia na wababaikaji. Ila niliacha kutoa hukumu kwa kusikiliza mtiririko.

Laiti ningejifunza hayo mapema. Nirudi kwenye daftari.

Kijana yule alitoka ndani ya Bariadi, na wakati ule alikuwa katika mwaka wa pili wa mafunzo ya Daraja A. Nilimkagua katika Darasa la Nne la shule moja nje kidogo ya mji, somo la Hisabati, mada ya kulinganisha sehemu. Aliyewahi kufundisha mada hiyo anajua jabali lililopo. Mtoto amejua miaka mitatu kwamba tatu ni kubwa kuliko mbili, halafu unamwambia theluthi moja ni ndogo kuliko nusu. Wengi huandika ubaoni kiasi na asili, wanatoa kanuni kwamba asili ikiwa kubwa sehemu huwa ndogo, watoto wanaimba, kengele inalia.

Yeye alikuja na muwa. Naukumbuka muwa huo kwa sababu niliandika "zana: muwa (uchafu sakafuni)". Akawaita watoto wawili mbele, akasema, yaani tuseme huu muwa ni wenu nyinyi wawili. Wakagawana. Yaani sasa aje na wa tatu. Wakanuna. Yaani yule aliyekuwa na nusu, sasa amebaki na nini? Mtoto mmoja akasema amebaki na kubwa, kwa kuwa tatu ni kubwa. Hakumkemea. Alisimama, akasema yaani, akanyamaza, akasema yaani tena, akachukua mkate aliokuwa ameuweka kwa ajili ya chai yake, akaanza upya. Niliweka vistari viwili. Kila aliposema yaani alikuwa ameona uso mmoja haujaelewa, na alikuwa anautafutia mlango mwingine. Hivyo ndivyo ninavyoona leo. Siku ile niliona mtu asiyejua kusema.

Na hapa ndipo daftari lilipoyanyamazisha mawazo yangu yote ya kujitetea. Kwa desturi mkaguzi alipita kwenye madawati dakika za mwisho na kuandika ni watoto wangapi wamepata zoezi. Niliandika pembeni, kwa herufi ndogo: 31 kati ya 38. Ukurasa unaofuata ni wa mwanachuo mwingine niliyemkagua wiki ile ile, shule ile ile, Darasa la Nne la mkondo wa pili, mada ile ile. Huyo nilimwandikia: "Lugha fasaha, anajiamini, mfano wa kuigwa." Pembeni: 9 kati ya 40. Namba zote nne niliziandika mimi, kwa kalamu moja. Sikuziona.

Lakini alama za fomu si deni kubwa. Alasiri tulikutana chini ya mwembe, wanachuo wanane na mimi, kwa ajili ya majadiliano ya masomo yaliyofundishwa. Ilipofika zamu yake niliinua daftari nikawaonyesha vistari, nikasema, "Ndugu yenu ametupa yaani arobaini na saba." Walicheka. Mimi pia nilicheka, na alipoona nimecheka akacheka na yeye, kwa adabu. Kufikia Jumatatu jina lilikuwa limekwisha mshika. Bwenini, kwenye foleni ya uji, kiwanjani, alikuwa Mwalimu Yaani, hadi alipomaliza chuo.

Nilimkagua tena baada ya wiki tatu. Safari hii alifundisha kujumlisha sehemu. Hakuleta muwa wala kitu chochote. Aliandika kanuni ubaoni, akaisoma, watoto wakaisoma, akatoa mfano, akatoa zoezi. Nilihesabu yaani mbili. Niliandika: "Maendeleo mazuri sana." Waliopata zoezi sikuwaandika.

Mwaka jana nilipata namba yake ya simu kwa mtu waliyelala naye bweni moja. Ilinichukua siku kadhaa kupiga. Alinitambua kwa sauti kabla sijajitaja, akaniamkia, akauliza habari za nyumbani na za miguu yangu, maana alikuwa amesikia kwamba inanisumbua. Naye alikuwa amekwisha kustaafu. Nikamweleza juu ya sanduku, na vistari, na zile namba mbili alizokuwa hazijui, 31 kati ya 38. Nikamwambia nilikosa, tena nilikosa mbele ya wenzake. Alikaa kimya kidogo.

"Mwalimu," alisema, "ulikuwa unatufundisha kazi. Yale yamepita. Sina kinyongo na wewe."

Tulizungumza karibu nusu saa, juu ya mvua, bei ya dengu, wajukuu wake wawili walioko sekondari. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, kila sentensi ikikamilika ndipo nyingine ianze. Nilikuwa nimeibana simu sikioni, nikisikiliza kama itatokea hata moja. Haikutokea.